Tanki Lisilo na Mfereji

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Bungoma, Singasinga mwenye ndevu nyeupe ambaye ukoo wake uliuza misumari na mabati tangu baba yangu hajavaa suruali ndefu, alinitazama juu ya miwani akaniuliza kama nina hakika na ninachoagiza. Nilikuwa nataka matanki saba ya plastiki, makubwa, meusi, yasiyotobolewa pa kuweka mfereji.

"Mwalimu," akasema, "tanki bila mfereji ni ya nini?"

Nikamwambia maji yake si ya kunywa. Akauliza kama ni ya ng'ombe. Nikasema la. Ya kunyunyizia mboga? La. Ya kufulia?

"Ni ya kuangalia," nikasema, kwa sababu nilikuwa nimechoka na jua lilikuwa kali. Akamgeukia mwanawe aliyekuwa kwenye kaunta, wakasemezana kwa lugha yao, wakacheka. Cheko hilo nililizoea baadaye. Nililisikia kwa Kibukusu, kwa Kisabaoti, na mara moja kwa Kiingereza cha afisa aliyepanda mlima kuja kuuliza kama mradi wetu una chochote cha vijana wa wadi yake.

Niseme mapema tulikuwa tunaangalia nini, nisije nikaonekana mchawi hata hapa. Kutoka nje ya dunia, mbali kuliko jua, hutujia chembe ndogo kuliko kitu chochote unachoweza kukiwaza. Nyingi ni dhaifu na zinatupitia kila saa, hata sasa unaposoma. Lakini kwa nadra sana huja moja yenye nguvu ya ajabu: chembe moja tu, ambayo hata hadubini haiioni, lakini imebeba nguvu ya jiwe lililorushwa na mtu mzima mwenye hasira. Ikigonga hewa ya juu huvunjika, vipande vyake vikavunja vingine, mpaka yakawa manyunyu ya mabilioni ya chembe yanayoangukia vijiji kadhaa kwa mpigo mmoja. Hayalowanishi kitu. Yanapenya bati, mgomba na mtu. Lakini yakipita kwenye maji safi yaliyofungiwa gizani huacha mmweko mdogo wa buluu, na jicho la kioo lililowekwa ndani ya tanki huuona mmweko huo na kuutangaza kwa redio.

Ukiwa na matanki kadhaa yaliyotawanyika, ukajua lipi limeona kwanza na lipi limeona mwanga mwingi, unaweza kusema mgeni huyo ametoka pembe gani ya mbingu na alikuwa na nguvu kiasi gani. Nani anayezirusha chembe hizo, hakuna ajuaye. Wako wanaosema ni mashimo meusi yaliyo katikati ya makundi ya nyota ya mbali. Wako wanaosema ni nyota zinazokufa vibaya. Zile dhaifu hupindishwa njiani na nguvu za sumaku zilizotanda angani, kwa hiyo kuuliza zimetoka wapi ni kupoteza wakati. Ile yenye nguvu kupita kiasi ndiyo huja karibu moja kwa moja, na hiyo ndiyo tuliyokuwa tukiitafuta. Tatizo lake ni kwamba kwa eneo dogo kama letu unaweza kungoja maisha yako yote usiione.

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule moja ya upili Kitale. Profesa aliyeanzisha mradi ni Mkenya mwenzetu anayefundisha ng'ambo. Alikuja akachora ramani juu ya meza ya maabara yetu: tanki moja katikati na mengine sita kulizunguka, kila moja kilomita na zaidi kutoka kwa jirani yake, kwenye mteremko ulio kati ya Chwele na Kapsokwony. Tanki la katikati likaangukia boma la baba yangu. Sikushangaa, maana kalamu nilikuwa nimeishika mimi.

Baba alikuwa amestaafu kazi ya reli. Ujana wake wote alikuwa stesheni ya Bungoma, akipokea na kuruhusu treni, na baada ya hapo akarudi nyumbani kwenye kahawa na ndizi zake. Nilipomweleza habari za chembe alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akauliza jambo moja tu.

"Hii ni kazi yako?"

"Ni kazi yangu, baba."

"Basi weka."

Tukaliweka nyuma ya nyumba, karibu na migomba. Maji yaliletwa na lori kutoka Kitale, maji yaliyochujwa mpaka hata chumvi haikubaki, na lori lilikwama mara mbili kwenye kona za kupanda. Ndani ya tanki tuliweka mfuko mweupe unaorudisha mwanga, na ndani ya mfuko jicho la kioo. Juu tukafunga mfuniko kwa bolti na kupaka gundi nyeusi, kwa sababu jicho lile limezoea giza, na likiona jua mara moja tu huharibika kabisa. Nikamweleza baba kwamba tanki halifunguliwi, kwa sababu yoyote ile. Akaitikia kwa kichwa. Mtu aliyelinda njia ya treni hahitaji kuelezwa mara mbili kwamba kuna mlango haufunguliwi.

Shida ilianza mwezi wa Januari. Kila mwaka wakati huo chemchemi ya kijiji chetu hubaki tope tu, na watu huteremka mpaka mtoni. Sasa wanaona nyuma ya nyumba ya mzee kuna tanki linalotosha kijiji, limejaa, na mwenyewe hanywi wala hanyunyizii mboga. Walikuja na mitungi. Kwanza walikuja kwa adabu, wakaketi, wakaulizia afya ya ng'ombe. Baba akawaambia maji hayo ni ya kazi. Wakauliza kazi gani. Akawaambia yanangoja kitu kitoke juu.

Hebu jiweke mahali pao. Umetoka na mtungi mgongoni, na mzee mzima anakuambia maji yake yanangoja kitu kitoke juu. Siwalaumu kwa kutoelewa. Ninawalaumu kwa mengine.

Ninawalaumu kwa sababu baba hakumfukuza hata mtu mmoja na kiu. Alikuwa na mtungi wake wa udongo jikoni, na mapipa mawili ya maji ya mtoni yaliyoletwa na punda, na katika hayo aligawa. Nimewahi kumwona akimjazia jirani mmoja, mama mwenye mtoto mgongoni, ndoo nzima kutoka kwenye pipa, na mama yangu akabaki kuosha vyombo kwa maji ya kubahatisha. Yule jirani alishukuru, akajitwika, na alipofika njiani akawaambia wenzake kwamba mzee amempa maji ya tope na kuficha mazuri. Maneno hayo yalitufikia kabla ya jua kuzama.

Wakampa jina: Mchoyo wa Maji. Kanisa lilipofanya harambee, kina mama wakatumwa kuomba tanki lifunguliwe siku moja tu kwa ajili ya mapishi. Alikataa. Akatoa jogoo wawili na mkungu wa ndizi. Jogoo waliliwa na kusahauliwa, tanki likahubiriwa Jumapili mbili.

Mimi nilikuwa Kitale, nikija mwisho wa mwezi kupangusa paneli ya jua na kuangalia waya. Kila nilipopiga simu katikati ya mwezi, baba hakuuliza kwanza habari za wajukuu. Aliuliza:

"Hiyo yako imepita?"

"Bado, baba."

"Itapita tu. Treni ya mizigo haina saa."

Na mimi nilimwahidi. Nilimwambia, siku itakayopita, nitamleta profesa mwenyewe, tutasimama hapa uani, tuwaite majirani wote, tuwaeleze kwa nini ulikataa. Baba hakuwa mtu wa kujisifu, lakini niliona uso wake. Alitaka siku hiyo. Hakujali nyota wala mashimo meusi. Alitaka watu aliokua nao wajue kwamba hakuwa mchoyo, na mimi sikuona zawadi nyingine ya maana ambayo ningeweza kumpa mtu kama yule.

Mradi wenyewe ulianza kuchoka kabla ya baba. Profesa alikuja mwaka wa kwanza na wanafunzi wake wenye kofia pana, wakapiga picha na ng'ombe. Mwaka uliofuata akaja peke yake. Baada ya hapo akawa mtu wa simu. Tanki la upande wa Kapsokwony lilikufa kwa kukosa betri, na betri ziliahidiwa mpaka nikaacha kuuliza. Jingine liliibiwa paneli. Yakabaki matano, na la baba likiwa katikati, zima, linang'aa kwa kufutwa. Alilifuta mwenyewe kwa kitambaa, kama vile vumbi la nje lingeweza kulisumbua.

Kisha akaugua, akalazwa Bungoma, na hakurudi.

Wanaojua matanga ya kwetu wanajua kwamba msiba wa mzee ni wa watu wote. Huwezi kuhesabu nani atakuja. Kila anayekuja lazima anywe chai na ale, na aibu ya matanga yasiyo na chakula haifutiki kizazi kizima. Mheshimiwa mmoja alikuwa ameahidi gari la maji. Nilimsikia akiahidi kwa sauti, mbele ya watu, mkono kifuani. Asubuhi ya mazishi mimi na ndugu zangu tulikuwa Bungoma kuuchukua mwili, na gari la mheshimiwa halikuonekana Chwele wala kokote.

Tulipofika nyumbani na jeneza, msafara wote ukiimba, nilikuwa mbele nimeshika picha ya baba. Nikaona mstari wa watu nyuma ya nyumba. Walikuwa na ndoo na sufuria. Vijana walikuwa wameutia moto ufito wa chuma mpaka ukawa mwekundu, wakalitoboa tanki ubavuni, wakachomeka mfereji na kuufungia mpira wa baiskeli usivuje. Ilikuwa kazi safi. Juu, mfuniko ulikuwa umevunjwa ili hewa iingie, na jua lilikuwa linaangaza ndani mpaka chini.

Baba mdogo, mdogo wake baba, alikuja kunipokea. Aliona macho yangu yanakotazama.

"Usijari, Mwalimu," akasema. "Watu ilikuwa mingi, na ile gari haikukuja. Tungefanya nini, bana? Leo mzee amefungua mkono."

Nilitaka kumpiga kofi. Nasema wazi, nilitaka kuiweka picha chini na kumpiga kofi mdogo wa baba yangu mbele ya jeneza la kaka yake. Lakini watu walikuwa wananitazama, na mama alikuwa anashikiliwa na wanawake wawili, na wimbo ulikuwa haujaisha. Nikaenda nikaketi nilipoelekezwa. Mtu akaniletea chai. Pembeni yangu mama mmoja alikuwa anamwambia mwenzake kwamba maji haya ni matamu, hayana hata taka, kumbe mzee alikuwa ameficha kitu kizuri hivi. Walisema kwa furaha, bila chuki. Hilo ndilo lililonikera zaidi.

Tukamzika alasiri. Sikuhisi kitu ila udongo na sauti za watu, na mgongo wa mama uliokuwa ukitetemeka chini ya leso.

Siku chache baada ya mazishi kukawa na kumuse, hotuba ambayo kwetu hutolewa kwa mzee aliyestahili. Mfariji huja na fimbo yake, watu huketi kuzunguka uwanja, naye hutembea katikati huku na huko akiusimulia ukoo, akionya na kufariji. Akianza, hakuna anayesimama, hakuna anayemjibu. Alisema mema mengi juu ya baba. Alisema kazi ya reli, alisema uaminifu, alisema kwamba hakuna aliyewahi kumsikia akitukana. Kisha akasimama, akaegemea fimbo.

"Lakini alituachia swali," akasema. "Mtu anakaa na maji, na kiu inazunguka boma lake. Alikuwa anamwekea nani? Sisi tumekunywa akiwa amelala. Tujifunze, jamani, kutoa tukiwa macho."

Watu wakaguna kwa kukubali. Ningetoa nini niweze kusimama! Lakini kusimama ni mwiko, na kwa mwanamke kama mimi ni mwiko mara mbili, kwa hiyo baba yangu alihukumiwa hivyo mbele ya ukoo wake wote, kwa sauti nzuri ya upole, na kesi ikafungwa. Siku hiyohiyo vitu vyake vikagawanywa. Baiskeli ikaenda kwa kaka yangu mkubwa, koti kwa mwingine, tanki kwa baba mdogo. Nilisema tanki si la baba, ni la mradi. Baba mdogo akauliza huo mradi uko wapi, mbona haukuja mazishini.

Nikarudi Kitale, nikarudi darasani. Wiki hiyo profesa alinipigia wakati wa mapumziko, nikiwa chumba cha walimu na kikombe mkononi. Akanipa pole. Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu anayejizuia kukimbia. Akasema manyunyu yameonekana. Makubwa kuliko yote tuliyowahi kuyanasa, na pengine, akasema, pengine ni miongoni mwa makubwa kabisa kuwahi kunaswa mahali popote. Akanitajia siku.

Ilikuwa alasiri tuliyomzika baba.

"Kitovu cha manyunyu kimeanguka karibu sana na tanki la katikati," akasema. "Lakini hilo tanki lilianza kupiga kelele asubuhi, halafu likanyamaza. Kulitokea nini?"

"Lilinywewa," nikasema.

"Lilifanywa nini?"

"Walilinywa, profesa. Walipikia chai ya matanga."

Alicheka kidogo, akaacha aliposikia sicheki. Nikamuuliza kama tunaweza kulihesabu tukio hilo. Akasema hapana. Kuna kanuni: tukio halikubaliwi ikiwa tanki lililo karibu na kitovu halikuwa likifanya kazi, na hapa pembeni kulikuwa na mawili mengine mafu. Kwa manne yaliyobaki anaweza kusema tu kwamba mgeni alikuwa mkubwa. Mkubwa kiasi gani, hawezi kuapa. Na alikotoka ni ukanda mpana wa anga ya kusini, wenye makundi kadhaa ya nyota ya kushukiwa na eneo kubwa tupu lisilo na chochote. Ni sawa na kumwambia aliyeibiwa ng'ombe kwamba mwizi alipitia njia ya Bungoma. Mwishoni akasema, kwa upole, kwamba ingefaa ningewaelimisha wananchi juu ya umuhimu wa chombo.

Hapo ndipo niliposahau kwamba kuna walimu wenzangu chumbani. Nikamuuliza betri za tanki la Kapsokwony ziko wapi, na kama nazo zilinywewa matangani. Nikamuuliza ni lini mara ya mwisho yeye mwenyewe aliwaelimisha wananchi, zaidi ya kupiga picha na ng'ombe wao. Nikamwambia mtu pekee aliyekilinda chombo chake, bila senti na bila shukrani, amelala chini, na chembe yake imempitia akiwa ndani ya jeneza. Nikakata simu, nikakaa, na kengele ikalia.

Usiku na mchana niliifikiria alasiri ile. Mabilioni ya chembe yamepita katikati ya waombolezaji, katikati ya kwaya, katika kaburi lililo wazi, ndani ya baba. Kile alichokingoja kilifika mpaka mlangoni pake, siku hiyo hiyo, na kikakuta mfereji. Nililia kwa hasira zaidi ya huzuni. Lakini niliona jambo moja limebaki: hata kama haikubaliwi na kina profesa, ilikuja. Ahadi niliyompa baba haikuhitaji kanuni za mtu. Nilihitaji tu kusimama uani na kuwaambia.

Nikaenda Jumamosi. Nilipita kwanza kwa baba mdogo, maana boma lake liko kabla ya letu. Tanki lilikuwa limehamishiwa kando ya barabara, limeunganishwa na mabati ya nyumba likusanye maji ya mvua, na watoto walikuwa wanateka. Baba mdogo alikuwa amekaa karibu nalo kwenye kiti, akisalimiwa na kila mpita njia.

"Huyu si kama kaka yake," mama mmoja aliniambia kwa nia njema, akifunga mtungi wake. "Huyu Mungu alimpa roho."

Ndani ya nyumba, juu ya kabati la televisheni, jicho la kioo lilikuwa limewekwa juu ya kitambaa cha kufumwa, kati ya picha ya harusi na saa. Mama mdogo aliniambia huwa analipangusa kila asubuhi. Nilimshukuru. Sijui kwa nini nilimshukuru.

Nyumbani kwetu majirani walikuwa wamekuja kumsaidia mama kupukuchua mahindi. Walikuwa wengi, wanawake kwa wanaume, wameketi juu ya magunia kuzunguka lundo, na miongoni mwao yule mama aliyewahi kupewa ndoo. Sikungoja hata nipewe kiti. Nikawaambia yote, kwa Kiswahili chepesi kama ninavyowaambia kidato cha kwanza. Nikawaambia kile ambacho baba alikuwa akikingoja si uongo, kimekuja, siku ya kumzika, kikaanguka hapa hapa uani. Nikawaambia tanki lingekuwa zima, leo watu wa nchi za mbali wangekuwa wanakitaja kijiji hiki. Nikawaambia baba hakuwa mchoyo.

Walisikiliza vizuri. Mikono yao iliacha kufanya kazi.

"Sasa Mwalimu," akasema yule mama, "hiyo kitu itarudi lini?"

"Sijui. Kwa eneo kama hili, pengine miaka mia. Pengine zaidi."

"Na mzee alijua hivyo? Ati miaka mia?"

"Alijua inaweza isije akiwa hai. Nilimwambia."

Wakatazamana. Kisha mwanamume mmoja, rika la kaka yangu, akaanza kutikisa mabega.

"Yaani alituona na mitungi, ile kiangazi yote, na alikuwa analinda kitu ya miaka mia? Na hakuwa analipwa?"

"Hakulipwa."

"Ai! Kumbe si uchoyo. Kumbe mzee wa watu walimfanya askari ya bure!"

Wakacheka. Hawakuwa na ubaya, ila lilikuwa lile cheko la dukani Bungoma, na safari hii lilikuwa linamhusu baba. Mwingine akauliza kama alikuwa anapiga saluti. Mwingine akasema wasomi ni watu wabaya, hata baba yao wenyewe hawamwachi. Niliendelea kueleza, na kila nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kucheka.

Mama akaniita jikoni. Alikuwa ameinama motoni, na alisema bila kunigeukia.

"Nyamaza, mwanangu. Umesema ya kutosha."

"Hawajui, mama. Baba hakuwa mchoyo."

"Mimi nimeishi naye. Mimi ndiye niliyeosha sufuria kwa maji ya tope. Utaniambia mimi baba yako alikuwa nani?" Akasukuma kuni ndani. "Kila boma lina mchoyo wake. Mchoyo watu wanamwelewa. Wanamsema, wanamzika, wanamsamehe. Leo umewaletea mjinga. Mjinga hawamsahau. Watoto wa hawa watamcheka mpaka kaburi lake lipotee. Huyo ndiye unataka kuniachia?"

Nilisimama pale moshi ukiniingia machoni, nikitafuta kosa katika maneno yake jinsi ninavyolitafuta kwenye daftari la mwanafunzi, na sikuliona. Nikatoka nje, nikavuta gunia, nikaketi kati yao, nikachukua hindi moja.

Walikuwa wameacha kucheka, kwa heshima yangu. Yule mama aliyepewa ndoo akaniinamia.

"Mwalimu, usikasirike. Hiyo maneno ya kutoka juu, kweli mzee aliiamini?"

"Wapi!" nikasema. Nikacheka, na cheko lilitoka vizuri kuliko nilivyotegemea. "Mimi ndiye ninayeamini. Baba alikuwa mchoyo wa maji tu, tangu zamani. Sisi tukiwa wadogo alikuwa anatupimia ya kuoga kwa kikombe."

Haikuwahi kutokea. Lakini waliinua vichwa, nyuso zikafunguka, na yule mwanamume akapiga goti lake akasema alijua, alijua tangu mwanzo, hata nyanya yake alikuwa akisema hivyo. Mwingine akakumbuka siku mzee alipomkatalia hata ya kunawa mikono. Mwingine akaongeza yake. Wakamsimulia mmoja baada ya mwingine, kwa upendo, huyo mtu ambaye hakuwahi kuwepo, nami nikaendelea kupukuchua.